Utawa wa Jangwani: Chimbuko la Utawa wa Kikristo nchini Misri na Nafasi ya Neno Lisemwalo

Utangulizi

Aghalabu neno 'mtawa' linapotajwa, msikilizaji hujengewa taswira ya mtu aliyeupa ulimwengu kisogo, akajifungia nyuma ya kuta ndefu, akaapa kutosema na mtu. Taswira hii huandamana na nyingine: kwamba utawa wa Kikristo ni zao la Ulaya lililoletwa Afrika na wamisionari katika karne ya 19. Makala haya yanakusudia kubainisha kwamba taswira zote mbili zina walakini. Ingawa maisha ya namna hiyo yalichipuka pia Shamu karibu wakati ule ule, sura mbili zilizokuja kuigwa kwingi zaidi, yaani ile ya mkaapweke na ile ya jumuiya yenye kanuni, zilikomaa Misri, katika ardhi ya Afrika, kati ya mwishoni mwa karne ya 3 na katikati ya karne ya 4. Fauka ya hayo, chombo kilichoubeba utawa huo kutoka kizazi hadi kizazi kilikuwa, kwanza kabisa, neno lililotamkwa na mzee mbele ya mwanafunzi wake. Kwa sababu hiyo, mada hii inamhusu mwanafunzi wa fasihi si haba, hata kama si mwanafunzi wa dini.

Dhana na Istilahi

Kiswahili kina kitenzi 'kutawa', chenye maana ya kukaa ndani pasi na kutoka, ambacho katika pwani yetu kilitumiwa hasa kwa wanawake wa nyumba za heshima. Kutokana nacho lugha imepata 'mtawa', yaani mcha Mungu aliyejitenga. Istilahi hii inafaa, ila inasisitiza upande mmoja tu wa jambo lenyewe, nao ni kukaa ndani. Wayunani wa Misri walitumia maneno kadhaa, na kila moja linafichua upande wake. 'Monachos' ni aliye peke yake. 'Askesis' ni mazoezi, neno lililotoka katika viwanja vya wanariadha. 'Anachoresis' ni kujiondoa, nalo lilikuwa na historia chungu: kabla ya kutumiwa kwa watawa, lilitumiwa kwa wakulima waliotoroka vijiji vyao ili kukwepa kodi na madeni ya dola ya Kirumi. Mtu aliyesikia kwamba jirani yake 'amejiondoa' angeweza kudhani kwamba amemkimbia mtoza kodi kabla ya kufikiri kwamba amemwendea Mungu.

Ithibati ya kale zaidi ijulikanayo ya neno 'monachos' kwa maana ya mtawa wa Kikristo haikutoka katika kitabu cha ibada. Imo katika waraka wa mafunjo wa Juni 324, ulioandikwa kwa niaba ya mkulima mmoja wa kijiji cha Karanis aitwaye Isidoros. Mkulima huyo alilalamika kwa wakuu kwamba ng'ombe wa jirani zake alikuwa ameharibu mazao yake. Alipomkamata ng'ombe huyo ili ampeleke kijijini, wenyewe walimkuta njiani, wakampiga kwa rungu na kumnyang'anya mnyama. Anaeleza kwamba wangemmaliza lau si msaada wa shemasi Antoninus na mtawa Isaac waliokuwa karibu. Hivyo basi, mtawa wa kwanza anayetajwa kwa neno hili katika hati tulizo nazo si mtu wa pangoni. Ni mtu wa kijijini, anayejulikana kwa jina na kwa hali yake, anayeamua ugomvi wa ng'ombe. Ushahidi huu mdogo unatosha kutilia shaka dai kwamba utawa ulikuwa kuwakimbia watu tangu mwanzo.

Chimbuko: Antony na Wazee wa Kando ya Kijiji

Anayetajwa mara nyingi kuwa baba wa watawa ni Antony, aliyezaliwa yapata mwaka 251 katika familia ya Kikopti yenye mali. Habari zake tunazipata hasa katika wasifu ulioandikwa na Athanasius, askofu wa Aleksandria, muda mfupi baada ya Antony kufariki mwaka 356. Kwa mujibu wa wasifu huo, wazazi wake walifariki akiwa kijana wa miaka 18 hadi 20, wakamwachia shamba na dada mdogo. Siku moja kanisani alisikia ikisomwa Injili inayomsimulia tajiri aliyeagizwa kuuza mali yake na kuwapa maskini. Antony aliyapokea maneno hayo kana kwamba yamesomwa kwa ajili yake. Aligawa kwa wanakijiji arura 300 za ardhi nzuri, ambazo ni takriban ekari 200. Dada yake alimkabidhi kwa mabikira waliojulikana kwa uaminifu wao, kisha akaanza mazoezi ya kiroho kando ya nyumba yake.

Mambo mawili hapa yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, Antony hakuanzia patupu. Athanasius mwenyewe anakiri kwamba palikuwa na wazee wenye kuishi maisha ya upweke kando ya vijiji, na Antony aliwaendea mmoja mmoja ili kujifunza: kwa huyu sala, kwa yule upole, kwa mwingine kufunga. Pili, mabikira waliompokea dada yake wanathibitisha kwamba wanawake walikuwa na maisha ya pamoja ya namna hiyo kabla ya huyo aitwaye baba wa watawa kuyaanza yake. Wasifu haumpi dada jina wala hauelezi kama aliulizwa maoni yake. Baadaye unataja tu kwamba Antony alimkuta amezeeka katika ubikira akiwa kiongozi wa wenzake. Msomaji makini hana budi kutambua kwamba historia ya utawa ina mlango wa wanawake ambao waandishi wa wakati ule waliupita haraka.

Baadaye Antony alisogea mbali zaidi: kwanza katika makaburi, kisha katika ngome iliyoachwa ng'ambo ya Mto Naili, alimokaa kwa miaka 20 hivi, na hatimaye katika mlima ulio karibu na Bahari ya Shamu. Jiografia ya Misri inasaidia kufafanua safari hii. Ardhi yenye rutuba ni ukanda mwembamba kando ya mto. Shamba linapokoma, jangwa linaanza papo hapo. Mtu angeweza kutoka kijijini asubuhi na kuwa jangwani kabla ya jua kuwa kali. Kwa Wamisri wa zamani, jangwa lilikuwa makao ya wafu na mashetani. Kwa hiyo, kwenda huko kulikuwa kwenda vitani, wala si kutafuta utulivu. Hata hivyo, watu walimfuata. Waliutoa mlango wa ngome yake, naye alipotoka aliwafariji wenye huzuni, akawapatanisha waliogombana, na akawa mlezi wa waliotaka kuishi kama yeye.

Wapo wanaoeleza kwamba utawa ulizuka pale dhuluma dhidi ya Wakristo ilipokoma mwaka 313, ambapo mtawa alichukua nafasi ya shahidi wa damu. Maelezo haya yana ukweli, kwani watawa wenyewe walijilinganisha na mashahidi. Hata hivyo, hayatoshelezi. Antony alikuwa ameshayaanza maisha yake miongo minne kabla ya mwaka huo, na mwaka 311 alishuka Aleksandria kuwatia moyo Wakristo waliokuwa wakishtakiwa. Ni sahihi zaidi kusema kwamba amani iliyoletwa na mfalme Constantine iliupanua mkondo uliokuwa tayari unatiririka.

Kutoka Upweke hadi Jumuiya: Pachomius

Sura ya pili ya utawa ilianza na tendo la ukarimu. Yapata mwaka 312, kijana asiye Mkristo aitwaye Pachomius alilazimishwa kuingia jeshini, akafungiwa pamoja na makurutu wenzake huko Thebes, Misri ya kusini. Usiku watu wasiowajua waliwaletea chakula. Alipouliza ni akina nani, aliambiwa kwamba ni Wakristo, nao huwatendea mema watu wote, hata wageni. Alipoachiliwa alibatizwa, akajifunza kwa mkaapweke Palamon kwa miaka kadhaa, na yapata mwaka 320 akaanzisha jumuiya katika kijiji cha Tabennesi. Alipofariki kwa tauni mwaka 346, aliacha makao tisa ya wanaume na mawili ya wanawake, la kwanza la wanawake likiwa limeongozwa na dada yake.

Pachomius aliona kwamba upweke una hatari yake: mtu aishiye peke yake hana wa kumkosea, wala hana wa kumsamehe. Jumuiya zake zilikuwa na ukuta mmoja, meza moja na hazina moja. Watawa walipangwa katika nyumba, na kila nyumba ilikuwa na mkuu wake. Walisuka mikeka na vikapu, walilima na kuoka mikate. Kanuni yake, ambayo Jerome aliitafsiri kwa Kilatini mwaka 404, ina agizo linalomgusa kila mwalimu wa lugha: mgeni aliyejiunga bila kujua kusoma alipaswa kumwendea mwalimu saa moja, saa tatu na saa sita, afundishwe herufi, silabi na maneno, hata kama hataki. Kila mmoja alitakiwa kuhifadhi moyoni angalau Agano Jipya na Zaburi. (Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Saa za wazee wa Misri zilihesabiwa tangu jua lichomozapo, sawa na zake, hivyo hahitaji kuzigeuza.)

Neno: Kitovu cha Maisha ya Jangwani

Huko kaskazini, katika makazi ya Nitria, Kellia na Sketis, palikuwa na mtindo wa katikati. Kila mtawa aliishi katika chumba chake, pekee au na mwanafunzi mmoja au wawili. Aliomba akisuka majani ya mtende, akala mlo mmoja wa mkate mkavu na chumvi baada ya saa tisa, na kukutana na wenzake Jumamosi na Jumapili. Hapa ndipo ilipostawi desturi iliyo moyo wa makala haya. Kijana alimwendea mzee, aliyeitwa 'abba' akiwa mwanamume au 'amma' akiwa mwanamke, akamwomba neno la kuishi kwalo. Mzee alijibu kwa sentensi moja au mbili, pengine alinyamaza. Kijana alirudi chumbani mwake na kulitenda neno lile, wakati mwingine kwa miaka mingi, kabla ya kudiriki kuomba la pili.

Katika desturi hii neno halikuwa habari, bali agizo la kutendwa. Husimuliwa kwamba Abba Pambo, ambaye hakujua kusoma, alimwendea mtu amfundishe zaburi. Aliposikia mstari wa kwanza, unaohusu kuulinda ulimi, aliondoka akisema kwamba huo unamtosha. Alipoulizwa baada ya miezi sita kwa nini hakurudi, alijibu kwamba bado hajaufuzu. Baada ya miaka mingi alisema kwamba ameuweza kwa shida katika muda wa miaka 19. Husimuliwa vilevile kwamba vijana walimwendea Abba Felix wakaomba neno, naye akawaambia kwamba maneno hayapo tena. Zamani wazee waliulizwa na watu waliotenda waliyoambiwa, na Mungu akawapa la kusema. Sasa watu huuliza bila kutenda, na neno limeondolewa. Kwa mtazamo huu, ufasaha wa msemaji unategemea utiifu wa msikilizaji. Hii ni nadharia ya fanani na hadhira iliyo tofauti kabisa na ile tuliyoizoea, ambamo hadhira hupimwa kwa makofi na vicheko.

Wakati mwingine neno liliigizwa. Moses, mtu mweusi wa Uhabeshi aliyekuwa jambazi kabla ya kuwa mtawa wa Sketis, aliitwa barazani ili kumhukumu ndugu aliyekosa. Alisita kwenda, alipoendewa tena, alifika akiwa amebeba mgongoni chombo kilichotoboka, kinachovuja nyuma yake. Wenzake walipomuuliza maana yake, aliwaeleza kwamba dhambi zake zinamwagika nyuma asizione, naye amekuja kuhukumu za mwingine. Walimsamehe yule ndugu. Msomi wa fasihi simulizi atatambua mara moja matumizi ya maleba na ishara, pamoja na utendaji ulioipindua hukumu bila ya hoja ndefu.

Ni muhimu kukumbuka kwamba neno la mzee lilitolewa kwa mtu mahususi katika hali mahususi. Ndiyo maana misemo ya jangwani hupingana. Mmoja aliambiwa afunge, mwingine ale. Mmoja abaki chumbani, mwingine atoke akahudumie wagonjwa. Mwanafunzi wa methali hashangazwi na jambo hili. Waswahili husema haraka haraka haina baraka, na hao hao husema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali hizi hazigombani, kwani kila moja ina mahali pake na mtu wake. Anayezipanga katika orodha na kuuliza ipi ni ya kweli amekwisha kuziua.

Vita vya Mawazo

Isidhaniwe kwamba watawa wa jangwani walikuwa watu wa misemo mifupi tu. Evagrius, msomi kutoka Ponto aliyeishi Kellia hadi kifo chake mwaka 399, aliyapanga mafunzo ya wazee katika utaratibu wa kifikra. Alibainisha mawazo manane yanayomshambulia mtawa: ulafi, uasherati, tamaa ya mali, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kupenda sifa na kiburi. Papa Gregory wa Kwanza, aliyetawala kuanzia mwaka 590 hadi 604, aliipanga upya orodha hii, na kutokana nayo zikapatikana zile dhambi saba zijulikanazo leo.

Maelezo yake kuhusu uchovu wa roho yanaonyesha jinsi alivyoijua nafsi ya binadamu. Anaeleza kwamba wazo hili humjia mtawa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Jua huonekana limesimama. Mtawa huchungulia mlangoni kuona kama saa tisa imekaribia. Huanza kukichukia chumba chake na kazi ya mikono yake. Huona kwamba ndugu hawampendi. Huwakumbuka jamaa zake, kisha huhesabu miaka mirefu iliyo mbele yake. Tiba ni kutokimbia, na kulijibu wazo kwa neno. Evagrius alitunga kitabu kizima ambamo kila wazo baya linafuatiwa na kifungu cha Maandiko cha kulijibu. Hapa pia, silaha ni neno litamkwalo, na mapambano yenyewe yana umbo la majibizano.

Kutoka Mdomo hadi Kitabu

Desturi hii ilihifadhiwa vipi? Mwaka 399 mgogoro wa mafundisho uliwatawanya watawa wengi wa Nitria na Kellia, na mwaka 407 wavamizi waliishambulia Sketis. Wazee na wanafunzi wao walikimbilia kwingine, baadhi yao Palestina. Waliogopa kwamba sauti walizozisikia zingepotea, na katika karne ya 5 na ya 6 misemo ilikusanywa kwa maandishi. Mkusanyo mmoja wa Kiyunani, uliopangwa kwa kufuata alfabeti ya majina ya wazee, una misemo ipatayo 1,000 ya wazee zaidi ya 100, wakiwemo akina amma Sarah, Syncletica na Theodora. Mwingine ulipangwa kwa mada na kutafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 6.

Uandishi huu ulikuwa na faida na hasara. Bila huo tusingemjua Pambo wala Moses. Lakini neno lililokuwa la mtu mmoja likawa la kila mtu. Swali la kijana mara nyingi liliachwa, na jibu la mzee likabaki likielea. Hata hivyo, si sahihi kumchora mtawa wa Misri kama mtu wa mdomo tu. Athanasius anamsawiri Antony kama asiye na elimu ya shule, ilhali kuna barua saba zinazohusishwa naye. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1990, Samuel Rubenson alitetea kwamba ni zake, na kwamba mwandishi wake aliifahamu falsafa ya Kiyunani. Jangwani, kama katika pwani ya Waswahili, usimulizi na uandishi viliishi nyumba moja.

Kuenea kwa Utawa

Neno lilisafiri. Mwaka 386, mjini Milan, Augustine, Mwafrika wa kaskazini, alisimuliwa na mgeni habari za Antony, na masimulizi hayo yalichangia kuyageuza maisha yake. Basil wa Kaisaria, baada ya kuzuru Misri, alitetea maisha ya jumuiya kwa kuuliza mkaapweke atamwosha nani miguu. John Cassian, aliyeishi miongoni mwa watawa wa Misri, aliandika huko Marseille katika miaka ya 420 mazungumzo yake na wazee hao. Benedict wa Nursia, katika karne ya 6, aliagiza katika kanuni yake kwamba mazungumzo hayo yasomwe kwa sauti mbele ya watawa wote jioni. Upande wa kusini, utawa ulishika mizizi Nubia na Uhabeshi.

Kwa hiyo, Wabenedikto walipofika Pugu, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1888, na baadaye kujenga Peramiho na Ndanda, ambako mitambo yao ya uchapishaji ilitoa vitabu vingi vya Kiswahili, walikuwa wamebeba kitu ambacho mzizi wake ulikuwa Afrika. Hali kadhalika, Kanisa la Kikopti, lililoanza kazi nchini Kenya katika miaka ya 1970, huwateua maaskofu wake kutoka miongoni mwa watawa, na huko Wadi Natrun, iliyokuwa Sketis, makao ya watawa yangali yanakaliwa hadi leo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utawa wa Kikristo wa awali haukuwa kuwachukia watu. Ulianzia kando ya vijiji, ukapata sura ya jumuiya kwa sababu ya chakula walicholetewa makurutu, na ukaenea kwa maneno yaliyosikika kabla ya kuandikwa. Mtawa alijitenga ili ajifunze kusikia, na alichosikia alidaiwa kukitenda. Kwa wanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiafrika, hazina hii inastahili kuchunguzwa sambamba na methali, ngano na mawaidha ya jamii zetu, badala ya kuachiwa wanateolojia peke yao. Aidha, inatoa tahadhari kwa kila anayekusanya semi vijijini akiwa na daftari au kinasa sauti: pamoja na jibu la mzee, na aliandike pia swali la aliyeuliza. Msemo unaorudi chuoni bila ya swali lake umeacha nusu ya maana yake barazani.